Vita vya Jumapili kwa Mama Émérence

Mama Émérence wa Panda, hapa Likasi, ni mwanamke wa kuchokozwa mara moja tu. Sokoni anauza kikanda, ule mkate wa mizizi ya porini na karanga unaokatwa vipande, na mteja akithubutu kuuliza kwa nini kipande cha leo ni chembamba kuliko cha jana, yeye humtazama kuanzia viatu hadi nywele, halafu anamhudumia anayefuata. Wanaomjua hawaulizi. Lakini mwanamke huyuhuyu, anayeweza kumnyamazisha polisi wa barabarani kwa kuguna tu, kwa muda mrefu aliishi nyumbani kwake mwenyewe kama mwizi. Alinyata. Alikohoa kabla ya kupita mlangoni. Alichungulia uani kabla ya kwenda chooni. Sababu ilikuwa mtu mmoja, na jina lake Ghislain.

Ghislain hakuwa na kosa. Ni mume wa Jenny, binti yake wa mwisho, kijana mpole anayesuka upya nyaya za mota zilizoungua, mwenye vidole vyeusi na sauti ya chini. Kosa lilikuwa la upepo. Mvua zilipoanza, upepo uling'oa mabati ya nyumba waliyopanga kule Shituru, na Jenny akaja kwa mama yake, yeye na mume wake, godoro lao na sufuria zao, eti kwa siku chache. Sasa, kwa watu wetu, mama mkwe na mume wa binti yake hawatazamani usoni. Hawali pamoja, hawasemeshani, hawapeani kitu mkono kwa mkono, na wakikutana njiani mmoja wao anaingia majanini. Huo ndio bukwe. Ni mama peke yake anayeweza kuufungua, na kwa desturi huufungua kwa kupika karamu na kumkaribisha mkwe wake mezani, jambo ambalo kwa kawaida hungoja hadi wajukuu waanze shule. Kijijini mambo haya hayana tabu, kwa kuwa majani yako mengi. Jaribu wewe kuyafanya katika nyumba ya vyumba vitatu yenye choo kimoja.

Siku moja Ghislain alikuwa anaoga katika kibanda cha uani, Mama Émérence akatoka na beseni la nguo bila kujua, akakaa mbele ya mlango wa kibanda na kuanza kufua. Ghislain hakuweza kutoka wala kusema. Alisimama mle ndani, uchi na povu masikioni, mpaka shuka zikafuliwa, zikasuuzwa, zikaanikwa. Jioni alikuwa na mafua, na Mama Émérence alipoambiwa na Jenny, alijifungia chumbani kwa aibu.

Na bado, hili hakumwambia mtu yeyote, alikuwa na furaha. Tangu mume wake Georges afariki, jioni zake zote alizipitisha akisikiliza frigo ikinguruma, na umeme ukikatika hata frigo hakuisikia. Sasa ukutani kulikuwa na kikohozi cha mwanamume, Jenny alicheka chumbani, mtu aliuliza chumvi iko wapi. Alitaka wakae naye hata milele. Lakini angemwambia nani? Mkwe hasemeshwi. Na kumwambia Jenny ni kumtia mtoto kitanzi, achague kati ya mama na mume. Kwa hiyo Mama Émérence alifunga kinywa, akaendelea kunyata.

Basi Jumapili moja Ghislain alirudi kutoka sokoni na sanduku la karatasi kwapani. Alikuwa amelikuta kwenye meza ya vitu vya mtumba, kati ya pasi zilizokufa na viatu vya mguu mmoja, akalitambua papo hapo: ni mchezo aliocheza alipokuwa internat, shule ya bweni, kwa mapadre wa Kapolowe. Kona ya kifuniko ilikuwa imechanika na kuondoka na jina la mchezo, kwa hiyo nyumbani uliitwa "vita" tu. Ndani mlikuwa na ubao wenye ramani ya bara lisilokuwepo duniani, kete, na askari wadogo wa plastiki, wekundu, wa bluu na wa kijani. Wa njano walikuwa wamepotea wote.

Mchezo, au jeu kama tunavyosema hapa, ulitaka watu wanne. Ghislain na Jenny walikuwa wawili. Wa tatu alikuwa Dodo, mdogo wake marehemu Georges, dereva mstaafu wa lori, mtu wa tumbo na maneno, ambaye kila Jumapili huja kusalimia familia ya kaka yake saa ileile bukari, ugali wetu, inapotoka motoni.

"Shemeji, kuya ukae," Dodo akaita kuelekea jikoni. "Tunakosa muntu mumoja."

"Kupiga vita mu nyumba yangu, na siku ya Mungu? Hapana."

"Bon, tumuache," Dodo akamwambia Jenny, kwa sauti ya kusikika hadi kwa majirani. "Jeu hii inaomba akili."

Mama Émérence akatokea mlangoni akifuta mikono. Nimeshasema ni mtu wa kuchokozwa mara moja.

Kumkalisha ndiko kulikuwa kazi. Hawezi kukaa meza moja na mkwe wake. Ikaamuliwa meza ivutwe mpaka mlango wa jikoni, Mama Émérence akae upande wa jikoni na pazia limfunike nusu, na Ghislain akae upande wa pili, kiti chake kikitazama ukuta, shingo akiigeuza kidogo kila alipotaka kuona ubao. Katikati akakaa Jenny, ambaye siku hiyo alianza kazi ngumu ya kutafsiri Kiswahili kwa Kiswahili.

"Jenny," Ghislain akauambia ukuta, "ambia mama, kila muntu iko na inchi zake. Kila mara ikifika tour yake, anapata askari wapya, anawaweka mule."

"Mama, Ghislain anasema kila muntu iko na inchi zake..."

"Nimesikia. Muambie, askari yangu iko wapi?"

"Anasema, askari yake iko wapi?"

Dodo alichukua wekundu, Ghislain wa bluu, Jenny wa kijani. Askari wa njano hawakuwepo, basi Mama Émérence akapewa karanga zake mwenyewe kutoka kwenye beseni la biashara. Akazipokea, akazitazama, akazipanga zote katika nchi moja. Ghislain akaeleza, kupitia Jenny, kwamba kila nchi lazima iwe na angalau askari mmoja wa kuilinda.

"Huyo mumoja atakaa na nani?"

"Peke yake, mama."

"Usiku pia?"

Jenny akamtazama Ghislain, Ghislain akautazama ukuta. Katika kanuni za mchezo hakuna usiku. Mama Émérence akakataa katakata kumweka mtu peke yake katika nchi ya watu, akaweka karanga mbilimbili kila mahali, na zilipopungua akaenda kuchota nyingine. Hakuna aliyekuwa na ujasiri wa kumkataza.

Majina ya nchi yalikuwa ya Kizungu, marefu, yenye vichwa na mikia, na yeye aliyafuta yote. Nchi iliyochorwa maporomoko ya maji akaiita Koni, kwa sababu umeme wetu unatoka kule. Tambarare ya kijani ikawa Kapolowe. Na nchi ile iliyozungukwa na milima pande zote, yenye njia moja tu ya kuingilia, ikawa Buluo, kama gereza letu, na sisi wote tunajua nani huwa anafungiwa Buluo. Dodo aliingiza jeshi zima mle siku ya kwanza. Hakulitoa kwa majuma.

Kushambulia kulimpa shida zaidi. Unamtazama jirani, unarusha kete, naye anarusha zake. Mwenye kubwa anashinda, zikilingana mwenye nchi anashinda. Mama Émérence aliona ni utovu wa adabu kumwingilia mtu bila hodi. Kila alipotaka kushambulia alianza kwa salamu. "Dodo, ulilala muzuri? Batoto bako wazima?" Dodo akijibu kuwa wazima, kete inaanguka. Mara nyingi ilianguka sita. Tatizo jingine ni kwamba askari wake wakifa, Dodo aliwala. Aliokota karanga iliyoshindwa, akaimenya, akaitupa kinywani, na ilipofika saa kumi akawa anakula hata walio hai, mpaka Jenny alipomshika mkono.

Mwisho ikaja alliance. Hapo Ghislain alieleza vizuri sana, kwa sababu ndiyo roho ya mchezo. Watu wawili wanapatana mbele ya wote, wanashikana mikono, wanalaza kijiti cha kiberiti kwenye mpaka wao. Hawashambuliani, na wanaweza kupeana askari. Atakayetaka kuvunja anaondoa kijiti zamu yake ikifika, basi.

"Basi tu?" Mama Émérence akauliza. "Bila kuita jamaa?"

"Basi tu, mama," Jenny akajibu.

Akashikana mkono na Dodo. Kwa kuwa sasa ni ndugu mara mbili, akaenda kumletea bukari na sombe, kisamvu chetu, kabla ya wengine, na kipande cha samaki juu yake. Dodo akala vijiko viwili, zamu yake ikafika, akaondoa kijiti na kumnyang'anya Kapolowe. Mama Émérence alisimama, akachukua sahani ya Dodo kutoka mbele yake, akairudisha jikoni.

"Shemeji, ni mu jeu," Dodo akalalamika.

"Na bukari nayo iko mu jeu."

Jua liliposhuka mchezo ulikuwa bado. Ghislain akauacha ubao palepale mezani, akaufunika kwa kitambaa, na ikaeleweka kwamba vita itaendelea Jumapili ijayo.

Katikati ya juma, Mama Émérence alikuwa nyuma ya nyumba akitwanga, akapumzika kidogo kujifuta jasho, na katika ukimya ule akasikia sauti ya Ghislain dirishani.

"Nilipata nyumba mu Kikula. Mabati iko mupya. Jenny, tunamusumbua mama. Iko anatembea mu nyumba yake sawa mwizi, mi ninaona haya."

"Tutahama lini?" Jenny akauliza.

"Tumalize vita kwanza. Tukigusa ile ubao sasa, papa Dodo atasema tulimuibia ushindi. Siku mi nitamaliza kucheza, tunafunga vitu."

Mama Émérence alikaa kando ya kinu. Aliiona sebule yake bila mtu. Alifikiria kuingia ndani na kusema, lakini angesema nini, na kwa mdomo gani? Akaendelea kukaa. Na alipokuwa amekaa hivyo, fikra ikamjia, akasimama, akashika mchi na kutwanga kwa nguvu mpya. Ikiwa watahama vita ikiisha, basi vita haitaisha.

Kuanzia siku hiyo Mama Émérence akawa mwanafunzi mwenye bidii kuliko wote. Jenny akipika, mama anamfuata jikoni na maswali. Askari wangapi wanaweza kuvuka mto? Mshirika akikaribia kufa, unaweza kumpa ngapi? Ngapi unazotaka, mama. Hata zote? Hata zote. Sokoni alionekana akisukuma karanga huku na huku juu ya meza ya kikanda, midomo ikicheza, na wateja walidhani anasali.

Jumapili iliyofuata alimpa mkono Jenny, akalaza kijiti, na tangu hapo yeyote aliyekuwa anakaribia kufa alipata msaada wake. Dodo akimbana Ghislain, Mama Émérence anampa Jenny askari, Jenny, aliyeshapatana na mume wake, anampa yeye, na asubuhi ya bluu inachomoza upya. Ghislain akipata nguvu kupita kiasi na kutishia kummaliza Dodo, Mama Émérence anamsamehe Dodo mambo yote, anashikana naye mikono, anamjazia nchi. Ilikuwa vita ambayo kila maiti ilifufuka.

"Jeu gani hii?" Dodo akanung'unika. "Muntu nikimupiga leo, kesho ninamukuta ananona."

"Jenny," Ghislain akauambia ukuta, kwa heshima ya kweli, "ambia mama, hata mapadre hawakucheza hivi. Mama anajua."

"Muambie asante," Mama Émérence akasema nyuma ya pazia, na kichwa kikamvimba kidogo.

Yeye Ghislain alikuwa na shida yake. Kuweka askari katika nchi ya mama mkwe ni kama kuingia chumbani kwake na kukaa kitandani. Hakuweza. Jeshi lake la bluu lilizunguka nusu ya bara, likapita milimani, likavuka mito, ili tu lisikanyage shamba la karanga lililokuwa jirani naye. Na Mama Émérence naye, kila aliposukuma askari karibu na mpaka wa Ghislain, alitazama dari. Kati ya nchi zao mbili palikuwa na amani ambayo haikuhitaji kijiti.

Kelele za mchezo zilivuka ukuta. Jirani yao Orpha, mwanamke wa kanisa la maombi, alimsikia Mama Émérence akisema wazi, "Dodo ananizunguka, ananitaka nife," naye akaja mbio na Biblia, akaweka mikono juu ya kichwa cha Dodo na kukemea roho ya mauti kwa sauti kubwa. Dodo alitulia kabisa, kwa kuwa alikuwa na karanga mdomoni. Orpha alipoelezwa kwamba ni mchezo, aliutazama ubao, akauliza nani anashinda, akaambiwa hakuna. Akasema basi maombi yamejibiwa, akarudi kwake.

Mvua ziliendelea. Mwenye nyumba ya Kikula alipiga simu, akaambiwa angoje. Mama Émérence alikuwa akilala usingizi mzuri.

Lakini Dodo hakuwa mjinga. Miaka yote ya kuendesha lori alikuwa ameshindwa katika kila kitu, karata, mpira wa ubashiri, hata mabishano na mke wake, na sasa alitaka ushindi mmoja kabla ya kufa. Juma zima alikaa nyumbani na vizibo vya chupa, akipanga na kupangua. Jumapili akaja mapema, hata bukari haijawekwa motoni, akakaa na kukunja mikono ya shati.

Zamu yake ilipofika, aliondoa vijiti vyake vyote kwa mkupuo mmoja. Jeshi la Buluo, lile lililosahaulika nyuma ya milima, likatoka kwa njia yake moja na kumwangukia Jenny. Kete zilimpenda siku hiyo kama hazijawahi kumpenda mtu. Jenny akafutika kwenye ramani, kijani chote kikarudi sandukuni, na yeye akabaki kwenye kiti chake akiendelea kutafsiri. Kisha Dodo akamgeukia Ghislain, nchi baada ya nchi, mpaka bluu ikabaki Koni peke yake, na mle Koni askari mmoja.

"Tour inayokuya, ninamukula," Dodo akasema, akajimenyea karanga ya kusherehekea.

Zamu ikawa ya Mama Émérence. Askari mmoja wa bluu, amesimama peke yake, upande mmoja Dodo na lundo la wekundu, upande mwingine karanga zake. Kumpa msaada hakuwezekani tena, kwa kuwa msaada ulipita kwa Jenny, na Jenny alikuwa amekwisha. Kupatana na mkwe mwenyewe kulitaka kushikana mikono, na mkono wa mkwe haushikwi. Alimtazama yule wa bluu kwa muda mrefu. Halafu akawaza hivi. Jenny alimalizwa na Dodo, na Jenny bado amekaa, anaongea, anakula. Kumbe anayeshindwa anakuwa mtu wa aliyemshinda, anakaa kwake. Basi ni heri Ghislain awe mtu wangu mimi kuliko awe wa Dodo, anayekula watu wake. Nitamchukua mimi, nitamweka katikati ya karanga zangu, na huyu mlafi aje tuone.

Hakuuliza. Laiti angeuliza. Ila hata mimi ningemwelewa: ni aibu kumwuliza mtu kanuni za kumwangusha yeye mwenyewe, tena kupitia mke wake.

"Jenny," akasema, "muambie mume wako anisamehe. Ninaingia."

Dodo akaacha kutafuna. Mama Émérence akajitanda kitenge kichwani kama anayekwenda msibani, akafumba macho, na kwa kuwa mkono wake usingeweza kugusa mahali pa mkwe, akachukua mwiko wa bukari na kuzisukuma karanga zake kwa mpini mpaka ndani ya Koni. Akarusha kete. Ghislain akarusha yake akiwa amegeukia ukuta, kwa hiyo ilibidi Jenny aisome. Mama alikuwa na tano. Ghislain alikuwa na mbili.

Mama Émérence akafumbua macho, akapumua. Alikuwa amemwokoa.

Ghislain akacheka kidogo, akanyoosha mkono, akamchukua yule askari wa mwisho wa bluu na kumrudisha sandukuni. Kisha akasimama.

"Jenny, ambia mama alinipiga muzuri. Mi nimetoka." Akajikung'uta suruali. "Basi nitamupigia simu mwenye nyumba ya Kikula. Juma hii tunaweza kufunga vitu."

"Anatoka, anaenda wapi?" Mama Émérence akamwuliza Jenny.

"Ametoka mu jeu, mama. Muntu akishindwa, anatoka."

"Na weye? Dodo alikumaliza, juu ya nini uko hapa?"

"Mi niko ninatafsiri tu, mama."

Mama Émérence akautazama mwiko mkononi mwake. Dodo angehitaji zamu nzima kumtoa Ghislain, na kete za Dodo huenda zingekataa. Jumapili nyingi zingeweza kupita. Ni yeye, kwa mpini wa mwiko wake, aliyemfukuza mkwe wake nyumbani. Machozi yakamjia, na yakamkasirisha, na hasira ikamsaidia kufanya jambo ambalo hajawahi kulifikiria. Akalishika pazia na kulivuta upande mmoja lote.

"Ghislain," akasema.

Jenny alishtuka hadi akashika meza. Jina hilo mama yake alikuwa hajawahi kumtamkia mwenyewe. Ghislain aligeuka nusu, akakumbuka, akarudisha macho chini kwenye viatu vyake.

"Ghislain, kaa. Nani aliwafukuza? Mi sikufukuza muntu. Nilikuingilia juu papa Dodo alitaka kukula, nilizania ukishindwa utakaa kwangu. Vita yote hii nilikuwa ninaivuta tu, isiishe, juu ikiisha munaenda. Tangu Georges alikufaka, mu nyumba hii niko ninasikia frigo tu. Mi sitaki frigo. Ninawataka ninyi."

"Mama anasema..." Jenny akaanza, kwa mazoea.

"Nimesikia," Ghislain akasema.

Dodo akakohoa. "Shemeji, bukwe haifungulake hivi. Inaomba kuku, inaomba bantu."

"Kuku utakula Jumapili. Nyamaza."

Ghislain alikuwa bado anatazama viatu. Alimtazama Jenny kana kwamba anamtafuta mkalimani, lakini Jenny alikuwa analia na hakuwa wa msaada. Ikabidi aseme mwenyewe.

"Mama, mi niliwaza tunakusumbua."

"Munanisumbua sana," Mama Émérence akasema. "Choo ni moya, maji ya kuoga unaimaliza, na Jenny anatiaka chumvi mingi. Bakieni."

Ghislain akainua kichwa polepole, kama mtu anayejaribu kama dari haitamwangukia, akamtazama mama mkwe wake usoni.

"Tutabakia, mama," akasema, na akatabasamu. Katika picha zote za harusi alikuwa amefunga mdomo, na nyumbani alikuwa akimpa ukuta uso wake. Ndipo Mama Émérence akaona, kwa mara ya kwanza, kwamba mkwe wake ana mwanya kwenye meno ya mbele.